Kununua Sigara Ndevu Zatosha, Kuacha Leta Pasipoti

Mimi nina miaka 53. Ndevu za kidevuni zimeshakuwa nyeupe, goti la kushoto linatabiri mvua kuliko wale jamaa wa hali ya hewa kwenye televisheni, na nikiinama kufunga kamba za viatu natoa "ya Allah" nyumba nzima inasikia. Halafu juzi, saa sita na nusu usiku, nimekaa jikoni kwangu hapa Reading, Uingereza, simu inaniambia: thibitisha kwamba umetimiza miaka 18.

Najua unachowaza. Mke wangu, Mama Nasra, naye aliwaza hivyohivyo, na yeye ndiye aliyenifumania. Ngoja kwanza.

Uingereza kuna sheria ya usalama mtandaoni. Ilipitishwa 2023, na ile sehemu ya kupimana umri ikaanza kuuma Julai 25, 2025, siku ya Ijumaa. Tovuti zenye video za kikubwa lazima zihakikishe aliyebisha hodi si mtoto, na hakikisho lenyewe si lile la kubonyeza "ndiyo, nimetimiza 18", ambalo hata paka akikanyaga simu anapita. Msimamizi ni Ofcom. Anayekaidi anaweza kupigwa faini hadi paundi milioni 18, au asilimia 10 ya mapato yake ya dunia nzima, yoyote iliyo kubwa. Kwa faini hiyo hata mimi ningemdai mama mzazi kitambulisho kabla hajaingia sebuleni.

Na nia ya sheria sina ugomvi nayo. Nina mtoto wa miaka 15 ndani, sitaki aone yale mambo. Ila ukimtishia mtu fimbo kubwa namna ile, hafungi mlango mmoja, anafunga nyumba nzima na banda la kuku. Kuna mtandao mmoja wa majadiliano niliozoea kuupitia, ukafungia mpaka kurasa ambazo hata goti la mtu huoni. Mojawapo ni ya watu wanaosaidiana kuacha sigara.

Ndiyo. Nilikuwa natafuta namna ya kuacha sigara. Cheka, halafu tuendelee.

Kasheshe ni kwamba Mama Nasra anajua niliacha sigara mwaka 2019.

Sigara zenyewe nanunua duka la kona. Madukani huku wana kanuni yao: ukionekana kama hujafika 25, unaombwa kitambulisho. Muuzaji pale tunasali naye Ijumaa. Ananitupia jicho ndevuni nusu sekunde, ananipa pakiti na chenji, na anatuma salamu kwa shemeji, salamu ambazo sizifikishi. Basi. Hakuandika popote, hakunipiga picha, hakuniuliza naishi mtaa gani. Kuingia kwenye sigara ni ndevu tu. Kutoka, leta pasipoti.

Maana simu ilinipa njia za kuchagua, kama menyu ya hotelini. Njia ya kwanza, piga picha leseni ya udereva. Leseni ya Uingereza ina jina, tarehe ya kuzaliwa, sura, na anwani ya nyumbani imeandikwa wazi. Kwa hiyo kampuni nisiyoijua, iliyoajiriwa na mtandao nisiojua uko wapi, ijue mlango ninaolala nyuma yake. Njia ya pili, kadi ya mkopo, kwa kuwa kadi hiyo hapewi aliye chini ya miaka 18. Mwenye kadi hiyo nyumbani kwetu ni Mama Nasra, na taarifa ya mwezi anaisoma mstari kwa mstari kama anatafuta aya. Njia ya tatu, niwape anwani ya barua pepe, wao wapekue imetumika wapi na wapi huko nyuma, kwenye benki, kwenye bili, wakisie kama mwenyewe ni mtu mzima. Yaani bili zangu za maji zisimame kizimbani zinitolee ushahidi!

Njia ya nne ilikuwa uso. Kamera inakutazama, mashine inakisia una miaka mingapi. Nikasema hii ndiyo ya kwangu. Uso huu umepigwa na jua la Tanga, ukapigwa na baridi la Reading, ukalea watoto wawili. Nani atauchanganya na wa kijana?

Simu ikasema: sogea karibu. Nikasogea. Ikasema: mwanga hautoshi. Jikoni kwetu taa moja imeungua tangu Ramadhani, na kila nikikumbushwa nasema Jumamosi. Nikatazama huku na huku. Nikafungua friji.

Nikaingiza kichwa. Shavu la kulia limegusa kopo la mtindi, sikio limelalia kabichi, simu nimeishika mkono umenyooka. Geuza kichwa kushoto. Nikageuza. Fungua mdomo. Nikafungua. Funga. Fungua tena. Hapo ndipo nikasikia nyuma yangu:

"Baba Nasra, friji imekufanya nini?"

Ukiwa na kichwa ndani ya friji na mdomo wazi, hakuna jibu la heshima. Nikajitoa. Simu mkononi bado inawaka, na kwa herufi kubwa imeandika: HATUKUWEZA KUTHIBITISHA UMRI WAKO. Mke wangu Kiingereza anakijua kuliko mimi. Alisoma. Akanitazama. Akasoma tena.

"Ulikuwa unataka kuingia wapi huko kunakoulizwa umri?"

Nikapiga hesabu ya haraka. Nikinyamaza akaamini ni video za ngono, nalala kochi wiki mbili, na mama mkwe Tanga anapigiwa alfajiri. Nikisema ukweli kwamba ni sigara, hapo ni miaka sita ya uongo inafumuka kwa mpigo: zile pipi za mnanaa, lile koti ninaloliacha kwenye gari eti lina harufu ya ghala, na ule mtindo wangu wa kupenda sana kwenda kutupa taka. Mwanamke anaweza kusamehe dakika tano za ujinga. Miaka sita ya kutupa taka hasamehe.

"Mechi," nikasema.

"Mechi? Saa sita usiku? Ndani ya friji?"

"Ya Marekani."

Wanaotetea mambo haya husema, kama huna baya, unaficha nini? Naficha pakiti ya sigara, bwana! Si haramu mbele ya sheria, kodi nalipa, lakini ni yangu na mapafu yangu. Mwingine anaficha kwamba anaulizia ugonjwa. Mwingine anaficha upara, anatafuta dawa. Kila mtu ana kitu ambacho si kosa na bado hataki kisomwe kwa sauti.

Wazee wetu hili walilielewa, na ushahidi ni daftari la gesti. Enzi zangu za kuendesha lori nimelala gesti nyingi, Singida, Shinyanga, Kahama. Daftari liko kaunta, kubwa, jalada limechakaa, kalamu imefungwa kwa uzi isiibiwe. Jina. Kabila. Kazi. Unakotoka. Unakokwenda. Sahihi. Na liko wazi, ukijaza mstari wako unasoma wa waliokutangulia. Kwa mujibu wa madaftari yale, nusu ya wanaume wa Tanzania waitwa Juma Hassan, wote wafanyabiashara, wote wametoka Dodoma, na wanakokwenda ni "safari". Mhudumu anajua. Askari anayekuja kulikagua anajua. Juma Hassan mwenyewe anajua. Kila mtu analala kwa amani. Sasa hawa wa mtandaoni wametuletea daftari la gesti linalopiga picha na kudai leseni, halafu wanatuambia usijali, ukigeuka tu tunachana ukurasa.

Wanachana? Mwaka 2015 kulikuwa na tovuti ya Kanada, Ashley Madison, ya watu wenye ndoa wanaosaka mchepuko. Wadukuzi wakaingia, wakamwaga hadharani taarifa za akaunti zaidi ya milioni 30. Huko kila mtu alitegemea siri, maana siri ndiyo bidhaa yenyewe iliyokuwa inauzwa! Utasema ni zamani. Haya, Oktoba 2025 Discord, ule mtandao wa vijana wa gemu, ukatangaza kwamba picha za vitambulisho za watumiaji kama 70,000 huenda zimeangukia kwa wadukuzi, kupitia kampuni ya nje iliyokuwa inahudumia wateja wake. Na vitambulisho vile vilikuwepo kwa nini? Kwa rufaa za umri. Ni watu wa aina yangu haswa, ambao mfumo uliwakataa, wakaambiwa kama unabisha tuma kitambulisho. Wakatuma.

Kuonyesha kitambulisho si shida. Shida ni kukiacha. Yule wa duka la kona angeniomba leseni ningempa, angeitazama, angenirudishia, na kesho angekuwa ameshasahau nilizaliwa mwaka gani. Lakini akiniambia ngoja nitoe kopi niweke droo hii isiyo na kufuli, naziacha sigara zake pale pale. (Hiyo nayo ingekuwa njia ya kuacha.)

Tena waliwahi kukaribia kitu cha maana wakakitupa. Kabla ya sheria hii kulikuwa na nyingine ya 2017, nayo ilitaka umri upimwe, ikaja kuachwa 2019 bila kuanza. Wakati ule kulikuwa na mpango wa kadi ya kununua dukani, haifiki paundi tano. Watu tulicheka: nani ataenda kwa muuza magazeti kuomba kadi ya video za kikubwa? Mimi ningemwombaje yule tunayesali naye? Ukifikiri vizuri, kadi ile ilikuwa na adabu zake. Muuzaji anaona sura, hajui unakwenda wapi. Tovuti inaona kadi, haijui sura. Wafaransa nao wanadai iwepo njia ya namna hiyo, anayepima umri asijue unakokwenda, na unakokwenda wasijue wewe ni nani. Ni kama mshenga anayepeleka barua ya posa huku hajui nyumba wala bwana harusi. Ajabu kidogo, lakini ndoa inafungwa.

Kesho yake, Mama Nasra kazini, nikamfuata mwanangu Idi chumbani. Wa miaka 15. Nikamweleza kwa kuzunguka, kwamba kuna rafiki yangu kazini anasumbuliwa na huu ukaguzi.

Hakuinua hata macho. "Aweke VPN, Baba."

VPN, kwa asiyeijua, inaifanya simu yako ionekane iko nchi nyingine. Siku ile sheria ilipoanza, Proton, mojawapo ya kampuni za VPN, walisema Waingereza wanaojiunga wameongezeka kwa zaidi ya asilimia 1,400. Nchi nzima ilihama usiku mmoja bila mtu kufunga begi. Nilipomsimulia shemeji yangu wa Mbagala alicheka mpaka simu ikakatika. Yeye VPN anaijua tangu uchaguzi wa 2020 mitandao ilipobanwa, na mwaka 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, wakatangaza wanaoitumia wajisajili. "Shemeji," ananiambia, "umeenda Ulaya kufuata tulikotoka sisi?"

Nikarudi kwa Idi. "Na wewe VPN umejulia wapi?"

Sasa ndio akainua macho. "Huyo rafiki yako, Baba, anataka kuingia wapi?"

Tukatazamana. Mtoto wa miaka 15 na mzee wa miaka 53, kila mmoja ameshika ncha ya kamba.

"Shuleni," akasema. "Wote wanayo."

"Na yeye ni mambo ya kazini," nikasema.

Akaniwekea. Dakika mbili. Sheria iliyotungwa kumzuia yeye, yeye ndiye aliyenivusha mimi. Na wenzake, nasikia, mashine ile ya uso waliwahi kuionyesha picha ya mhusika wa gemu, ikampitisha. Katuni imepita, mimi mwenye presha nimekataliwa.

Tangu hapo simu yangu inaishi Uholanzi. Naletewa matangazo ya baiskeli. Hali ya hewa nasomewa ya Rotterdam, mvua asubuhi, mvua jioni, hiyo angalau sikuona tofauti. Benki wameniandikia mara mbili kuuliza kama ni mimi kweli. Na VPN yenyewe Idi aliyoniwekea ni ya bure, maana yake kila mlango ninaobisha unapitia mikononi mwa mtu mwingine nisiyemjua. Nimemnyima Mwingereza leseni, nikampa ufunguo mpita njia.

Jana usiku nikasema ngoja nitupe taka. Nikasimama nyuma ya mapipa, nikawasha moja, nikafungua ule ukurasa. Ukafunguka bila swali hata moja. Kimya kabisa. Nikauona ushauri wa kwanza kabisa, umepigiwa kura na watu kibao: mwambie mtu wa karibu yako kwamba unaacha.

Nikatazama juu, dirisha la jikoni. Mama Nasra amesimama pale gizani, mlango wa friji uko wazi, anapimapima kichwa kinaingiaje.