Usiuze bunduki, kaka. Pima darubini kwanza

Tangu Jumamosi nina donge kooni, na najua halitashuka mpaka niliandike.

Jirani yangu ni mkulima wa korosho kama wengi wetu huku Nachingwea. Alitamani kulenga shabaha ya mbali tangu alipopita JKT. Pesa ya mnada wa Desemba ilipoingia, akaanza safari ya vibali: mtendaji wa kijiji, kata, polisi, rudi kesho, leta nakala nyingine. Julai hii bunduki imefika. Ni ya risasi nzito ya .300 Winchester Magnum, na juu yake imelala darubini ndefu kama mchi, imeandikwa 6-24x50, yaani inakuza mara 6 hadi 24 na kioo chake cha mbele ni milimita 50. Aliyemshauri alimwambia pesa yote aiweke kwenye bunduki, darubini achukue yoyote ilimradi ina namba kubwa.

Tukaenda bondeni, palepale tunapopiga siku zote kwa ruhusa, nyuma ya shabaha kuna kilima cha udongo mwekundu. Mita 500. Bamba la chuma lenye upana wa sentimita 40, sawa na sinia la pilau. Akapiga risasi 11. Hakugusa hata ukingo. Akainuka, akapangusa vumbi magotini, akasema: "Nimeibiwa. Hii bunduki naiuza."

Hajaibiwa kwenye bunduki. Ameibiwa kwenye ushauri, na ushauri huohuo nausikia kila mahali: nunua chuma kikali, kioo kitafuata. Unapotosha watu waliojinyima mwaka mzima.

Mjomba wangu, mwanajeshi mstaafu, alikuwa amekaa kimya kwenye kivuli cha mkorosho. Huku kwetu kusini mjomba akinyanyuka mnamsikiliza. Akaomba boksi, kipande cha mkaa na timazi ya fundi mwashi. Akaning'iniza timazi mbele ya boksi, akachora mstari wima sambamba na uzi, tukalisimamisha mita 100. Akamwambia jirani: "Mwanangu, piga risasi tatu hapa chini ya mstari, halafu zungusha kliki 50 kwenda juu, upige tatu nyingine. Usibadili pa kulenga."

Kliki ni hatua moja ya kirungu cha kurekebishia darubini, na kliki moja ya darubini ile inatakiwa kusogeza risasi sentimita 1 kwa mita 100. Kliki 50, sentimita 50. Mjomba akavuta tepu: 43. Akamwambia arudishe kliki zote 50 na apige tena. Risasi zilipaswa kuangukia matundu ya mwanzo. Zikatua sentimita 6 kushoto.

Sasa ipeleke hesabu hiyo mita 500. Kliki moja kule ni sentimita 5. Bunduki yake inataka kliki kama 27 kufidia risasi inavyoshuka, yaani mita 1 na sentimita 35. Darubini inayopunja sentimita 7 katika kila 50 inamwangusha karibu sentimita 19 chini. Zile 6 za kushoto zinakuwa 30. Bamba lina sentimita 20 tu kutoka katikati hadi ukingoni. Hata angekuwa na mkono wa jiwe, angelikosa. Alikuwa anafanya kila kitu sawasawa na kifaa kinamdanganya, naye akaishia kujiona hawezi. Hapo ndipo roho iliponiuma, kwa sababu nimeona vijana wawili wakiuacha mchezo huu kwa namna hiyohiyo, na hakuna aliyewapimia.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe inakuza mara ngapi. Uliza: nikizungusha, inakwenda nilikoituma? Nikiirudisha, inarudi? Darubini ya kukuza mara 10 isiyobadilika lakini inayotii kliki ni bora kuliko ya mara 24 inayotangatanga. Kwa mita 500 mara 10 inatosha kabisa. Na ile 24 ina gharama zake. Kioo cha mbele cha milimita 50 ukikigawa kwa 24 unapata tundu la mwanga la milimita 2 tu linalofika jichoni. Kwa mara 10 ni milimita 5. Ukisogeza kichwa kidogo, giza. Halafu kuna mazigazi. Kuanzia saa nne asubuhi, ardhi ikishapata jua, hewa inachemka juu ya mashamba yaliyofyekwa, na kwenye 24 bamba lilikuwa linacheza kama liko ndani ya maji. Nilimwambia ashushe hadi 10. Likatulia, akashangaa.

Kabla ya kulaumu chochote kagua na pete zinazoshika darubini. Skrubu mbili za kwake zilikuwa zinazunguka kwa kidole.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba si kila mtu anahitaji haya. Mwindaji wa Liwale anayepiga mita 80 vichakani hazungushi kliki. Darubini rahisi ya mara 4 iliyofungwa vizuri inamtosha maisha yake yote. Na wapo wanaonunua kioo cha bei mbaya halafu hawafanyi mazoezi. Lakini anayetaka mita 500 ni mtu mwingine, na ushauri wa mwindaji haumfai.

Bunduki yenyewe? Kama ungeniuliza kabla ya kununua, ningekuambia ya risasi tulivu zaidi: .308, au 6.5 Creedmoor kama una uhakika wa kupata risasi zake mwaka hadi mwaka. Magnum inapiga bega mpaka mwili unajifunza kuogopa, na ukishaogopa unashtua kifyatulio kabla ya wakati. Mtutu mzito kidogo, kifyatulio chepesi kisicho na mikwaruzo, basi.

Jambo jingine ni upepo, na hapa mkulima wa korosho anajidharau bure. Kwa nini tunapuliza salfa alfajiri? Kwa sababu kusi ikishaamka, dawa yote inakwenda kwa jirani. Tangu utotoni tunasoma upepo kwa vumbi la salfa, kwa majani ya mkorosho, kwa moshi wa jikoni. Risasi ya .308 kwa mita 500, upepo wa ubavuni wa mita 4 au 5 kwa sekunde unaisukuma zaidi ya nusu mita. Anayejua saa ya kupuliza salfa ameshajua nusu ya somo, kilichobaki ni kuliweka kwenye namba. Baba yangu alikuwa na gobore la kufukuzia nguruwe pori shambani, na kabla ya kulipakia alishika vumbi kidogo, akaliachia polepole kutoka kwenye vidole, akaangalia linakoelekea. Hakuwahi kuona darubini maishani mwake.

Jirani tayari ameandika barua ya kuomba kuiuza. Nilimfuata kwake juzi jioni, nikamkuta ameiweka mezani juu ya kanga ya mkewe, anaipaka mafuta mtutu kwa kitambaa, polepole, mtu asiyetaka kuachana na kitu. Nikamwambia, kaka, barua isiende wiki hii. Darubini ile ng'oa. Mjomba amekubali kukuazima ya kwake ya mara 10, pete mpya zipo, na boksi nimeshalipata.

Hakujibu. Aliuliza tu tunaondoka saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na mbili kamili, kabla kusi haijaamka.