Uvimbe kwenye ovari: daktari wa pili aonwe kabla ya kisu

Wengi humtafuta daktari wa pili baada ya upasuaji, majibu ya maabara yakisharudi na neno saratani. Kwa uvimbe wa ovari, huko ni kuchelewa. Saratani iliyo ndani ya ovari moja, ganda lake likiwa zima, ni hatua ya 1A. Ikipasuliwa kwa bahati mbaya wakati wa kutolewa, inahesabiwa 1C, na mgonjwa anaweza kuhitaji kemotherapi ambayo asingeihitaji. Ndiyo maana uvimbe unaotiliwa shaka hautobolewi kwa sindano ili kunyonywa maji, wala haukatwi vipande tumboni. Hutolewa mzima.

Kwa hiyo daktari wa pili awe bingwa wa saratani za wanawake, si daktari mwingine yeyote wa kliniki ya jirani. Kwa Tanzania, ningeanza kuulizia Muhimbili, Bugando au KCMC. Kwa Kenya, Kenyatta au Moi ya Eldoret. Omba barua ya rufaa mapema, maana bima nyingi hazilipi bila hiyo.

Nenda na picha zenyewe, kwenye CD au filamu, pamoja na ripoti. Ripoti inayosema tu "uvimbe mkubwa upande wa kushoto" haimsaidii mtu. Inatakiwa ieleze vipimo kwa sentimita, kama uvimbe una chumba kimoja au vingi, kama una sehemu ngumu au vinyama vilivyoota ukutani, damu inavyopita humo, na kama kuna maji tumboni. Kama hayo hayamo, rudia altrasaundi, ikiwezekana ile ya kupitia ukeni. Hiyo hufanywa kibofu kikiwa kitupu. Ya juu ya tumbo ndiyo inayotaka ujaze mkojo.

Halafu kuna CA-125, kipimo cha damu kinachotisha watu kuliko kinavyostahili. Kawaida ni chini ya 35. Lakini hupanda pia kwa hedhi, ujauzito, fibroidi, endometriosisi (utando wa ndani wa mfuko wa uzazi kuota nje yake) na maambukizi ya nyonga. Huku kwetu tusisahau kifua kikuu cha tumbo: maji tumboni, kukonda, CA-125 juu, mtu akaandikiwa saratani ya ovari kumbe ni TB inayotibika kwa vidonge. Na kinyume chake, karibu nusu ya saratani za hatua ya kwanza hazikipandishi kabisa.

Namba hiyo husomwa pamoja na mengine. Hesabu inayotumika sana huzidisha vitu vitatu: alama ya altrasaundi (0 bila dalili mbaya, 1 kwa dalili moja, 3 kwa mbili au zaidi), alama ya hedhi (1 kama bado unaipata, 3 kama imekoma) na CA-125 yenyewe. Chukua CA-125 ya 90. Mwanamke anayepata hedhi, mwenye dalili moja mbaya kwenye picha, anapata 90. Aliyekoma hedhi, mwenye dalili mbili, anapata 810. Zaidi ya 200, kesi ni ya bingwa wa saratani. Kwa walio chini ya miaka 40, hasa wasichana wenye uvimbe mgumu, ulizia pia vipimo vingine vya damu, AFP, LDH na beta-hCG, kwani saratani za umri huo mara nyingi ni za aina nyingine.

Wakati mwingine maoni ya pili humwepusha mtu na kisu. Kifuko cha maji matupu chini ya sentimita 5, kwa anayepata hedhi, kwa kawaida huisha chenyewe ndani ya mizunguko miwili mitatu.

Wapo wanaoficha maoni ya daktari wa kwanza eti wampime wa pili. Mnapoteza muda na pesa za vipimo. Mwonyeshe kila kitu, kisha umuulize: nani atapasua, na ikionekana ni saratani mezani, mpango ni upi?

Kama umeshapasuliwa, omba maabara slaidi na vitalu vya nta vyenye kipande cha nyama, si karatasi ya majibu pekee. Mtaalamu mwingine wa patholojia hawezi kusahihisha kitu asichokiona.

Yote haya hayamhusu mwenye maumivu makali ya ghafla upande mmoja, pamoja na kutapika. Hapo ovari huenda imejisokota na damu haifiki; aende hospitali iliyo karibu yenye chumba cha upasuaji, saa hiyohiyo.