Tumbo likishakatwa, nani anakubebea ndoo?

Ukikaa saluni yoyote Sinza ukisubiri rasta zako ziishe lazima stori ya tami taki ije, ile operesheni ya kukaza tumbo. Fulani kaenda Uturuki, fulani kafanyiwa hapahapa mjini, fulani anasema ni diet na mazoezi ila wote tunaangaliana tu. Mie sina shida na mtu kukata tumbo lake, niseme mapema msije mkanitolea povu bure, mwili wake hela yake. Shida yangu ni ile siri. Yani mtu anaenda kulazwa nusu kaputi masaa mawili, matatu, mengine manne, anachanwa toka nyonga hii mpaka nyonga ile, alafu nyumbani kaaga anaenda semina Dodoma.

Kwanza tuelewane hii kitu ni nini maana wengi wanachanganya na kunyonya mafuta, na lile puto la tumboni, na kukata utumbo. Tami taki sio ya kupunguza unene jamani. Inatoa ngozi iliyolegea pale chini pamoja na mafuta yaliyoshikana nayo, alafu ile misuli ya mbele ya tumbo ambayo mimba iliiachanisha inavutwa na kushonwa ikae karibu tena, na kitovu kinatobolewa njia mpya kwenye ngozi iliyovutwa. Hiyo misuli ndo inayomtesa yule dada mwembamba aliyezaa watatu, mikono myembamba, shingo nyembamba, ila akipanda daladala ya Mbagala watu wanampisha siti. Mazoezi yanamsaidia mtu kiasi chake lakini ngozi ikishakatika mvuto hairudi kwa squat. Bibi zetu walitufunga mkaja baada ya kujifungua na mie nilifungwa nikafungika haswa, unashikilia mwili ndio, unakufanya utembee wima ndio, ila haushoni misuli.

Sasa kile kitambi kigumu, cha mtu ambaye ukimgonga tumbo linalia ngoma, hicho mafuta yake yako ndani kabisa yamezunguka utumbo na ini, kisu cha tami taki hakifiki huko. Huyo apunguze kwanza uzito, na madaktari wengi wanataka uzito uwe umetulia kama miezi 6 hivi ndo wakuguse, uwe umemaliza kunyonyesha, na ikiwezekana uwe umemaliza kuzaa kabisa, maana mimba nyingine inaweza kuvuta kila kitu upya na hela yako imeenda. Wavuta sigara waache angalau wiki 4 kabla na wiki 4 baada, na shisha ni moshi uleule msijidanganye, nikotini inabana mishipa ya damu na kidonda kinakosa damu, ngozi pembeni ya mshono inaweza ikafa ikawa nyeusi.

Haya twende kwenye ile wanayoificha. Mtoto wa mama yangu mdogo alifanya, mie ndo nilikuwa naenda kumuuguza, kwa hiyo hii sijasimuliwa. Alitoka na mirija miwili imetokeza chini ya ngozi, kila mrija una kichupa chake laini kama balbu, damu na maji yanachuruzika humo. Kila asubuhi unamwaga, unapima mil ngapi, unaandika kwenye daftari, unakiminya kichupa kitoe upepo unakifunga ili kivute tena. Siku za mwanzo ni nyekundu, baadae inakuja rangi ya chai ya rangi, alafu njano njano, na mirija haitolewi mpaka maji yapungue. Kutembea kwake amekunja mgongo maana akinyooka mshono unavutika. Kulala chali, mito mgongoni, mito chini ya magoti. Kucheka marufuku, kukohoa anashikilia tumbo na mto. Na juu ya yote hayo mkanda wa kubana usiku na mchana, wiki 6 hivi, sasa fikiria joto la Dar la mwezi wa kwanza umeme umekatika feni imesimama na umevaa ule mkanda! Kama una uchaguzi fanya mwezi wa sita au wa saba, hakuna daktari atakwambia hilo ila mie nakwambia.

Kitu kizito huruhusiwi kunyanyua kama wiki 6. Kitu kizito sio gunia la mchele, ni mtoto wako wa miaka miwili anayelia abebwe, ni ndoo ya maji siku bomba halitoki, ni sufuria la maharage. Watu wanajichangisha kikoba miezi na miezi kupata hela ya operesheni alafu bajeti ya dada wa kazi wa kumsaidia hakuna, hela ya kurudi kliniki hakuna, nauli hakuna, na kuna mtu yuko ghorofa ya tatu bila lifti. Na bima nyingi hazigusi urembo, ukipata tatizo mfuko ni wako.

Ndo maana nasema siri ndo inaua. Hatari kubwa ya hii operesheni ni damu kuganda kwenye mguu alafu lile donge likapanda mpaka kwenye mapafu. Mguu mmoja unavimba na kuuma kwenye nyama ya nyuma, au ghafla pumzi inabana na kifua kinachoma, hapo sio pa kusubiri kesho, ni hospitali muda huohuo. Sasa kama umejificha lodge peke yako na dada wa mapokezi anajua una malaria, nani atakukimbiza? Na hawa wa kupanda ndege masaa mengi baada ya kukatwa, kukaa bila kunyoosha miguu kunaongeza hatari ileile, daktari ndo aseme uondoke lini sio tiketi. Mwambie pia kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, kuna vyenye homoni inayochangia damu kuganda, na hizo dawa za mitishamba unazokunywa kimyakimya zitaje zote maana nyingine zinafanya damu isikate.

Kuhusu nani akupasue, muulize jina lake kamili na ulicheki kwenye Baraza la Madaktari Tanganyika, na uulize ni bingwa wa upasuaji gani, wafuasi wa Instagram sio cheti. Muulize nani atakulaza nusu kaputi. Na kama unatoka makovu ya uvimbe, ule unaoota mpaka kwa kutoboa sikio, mwonyeshe kabisa, sisi weusi tunayapata zaidi na hili kovu ni refu, hata likikaa vizuri linachukua mwaka mpaka mwaka na nusu kufifia na halifutiki. Ngozi ya chini ya kitovu nayo inakuwa na ganzi miezi, ndugu yangu alijimwagia uji wa moto akagundua kwa kuona, sio kwa kusikia.

Yeye anaipenda tumbo yake balaa, na mie nikimwona na gauni la kubana namsifia kwa moyo mmoja. Ila alimwambia mumewe, alimwambia mama, na dada wa kazi alikuwa na namba ya dereva bajaji wa jirani kwenye simu.

Na nyie waume mliosoma mpaka hapa mkitafuta bei, mke akikwambia anataka kufanya usianze na "mie nakupenda hivyohivyo", anakujua. Muulize nani atafua wiki hizo 6, alafu jitaje.