Fungueni kabati la vishikwambi

Mtoto wa Darasa la Tano katika shule nyingi za serikali hapa Tanzania anaweza kukuchorea kompyuta safi kabisa: kioo, kibodi, kipanya na waya wake. Aliinakili ubaoni, akaandika majina ya sehemu zote, mwalimu akampa vema. Kuigusa, bado. TEHAMA imo kwenye mtaala, lakini inafundishwa kwa chaki, ingawa sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi tunayo tangu 2007.

Mijadala mingi kuhusu jambo hili huishia kwenye kuomba vifaa. Mimi naona tuanzie pale ambapo vifaa vimeshafika, maana hapo ndipo tunapokwama.

Tuwatazame Wakenya, waliotutangulia. Mwaka 2013 waliahidiwa kompyuta mpakato kwa kila mtoto anayeanza darasa la kwanza. Zabuni ikakwama mahakamani, mradi ukaanza upya 2016 kwa vishikwambi. Zaidi ya milioni moja vikagawiwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000, pamoja na projekta na kompyuta za walimu. Ni kazi kubwa na inastahili heshima. Ila shule zilitakiwa kuandaa chumba salama, chenye nondo madirishani na mlango imara, na walimu wakuu wakaelewa kwamba kikipotea kitu wataulizwa wao. Vishikwambi vingi vikaishia kukaa humo. Machi 2020, korona ilipofunga shule, watoto wakaenda kusomea redio na televisheni nyumbani, na vingi vya vishikwambi vile vikabaki nyuma ya nondo.

Simlaumu mwalimu mkuu hata kidogo. Aliyetia sahihi hati ya makabidhiano ni yeye. Kifaa kikiibwa, ataanzia polisi, apite kwa afisa elimu, amalizie kwenye hoja ya ukaguzi. Kikivunjika, fundi atalipwa na nani? Hapa kwetu, tangu elimu bila malipo ianze 2016, ruzuku ya shule ya msingi imekuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo ni 6,000 ndizo zinazofika shuleni. Nyingine ni za vitabu. Shule ya wanafunzi 600 inapata shilingi 3,600,000, yaani 300,000 kwa mwezi. Humo kuna chaki, mitihani, michezo, bawaba za milango na choo kilichoziba. Wewe na mimi tungekuwa kwenye kiti kile, tungefunga kabati na kutia ufunguo mfukoni. Kifaa kikipotea ataadhibiwa. Kikikaa miaka mitatu bila kuwashwa, hakuna atakayemuuliza.

Yaliyofanyika Tanga yalikwenda njia nyingine kabisa. Kuanzia mwishoni mwa 2017, kwa miezi 15, watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 vya mkoa huo walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, katika Global Learning XPRIZE, shindano la kimataifa la kutengeneza programu za kumwezesha mtoto kujifunza mwenyewe. Walivichaji kwenye vituo vya umeme wa jua kijijini, wakavitumia bila mwalimu. Wengi wao hawakuwahi kuingia darasani, na zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwisho wa jaribio, idadi ya wasioweza ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwaka 2019 timu mbili, onebillion na Kitkit School, ziligawana ushindi, na programu zile zikaachwa wazi kwa yeyote atakaye kuzitumia.

Watoto wa vijijini, kwenye vumbi na jua lile, walikabidhiwa kifaa cha bei mkononi na wakajifunza. Hilo lilipaswa kuzima hoja ya kwamba watoto wetu wataharibu. Nami siungi mkono wanaosema mashine itaziba pengo la walimu: nusu nyingine ilimaliza miezi yote ile bila kusoma neno, na hao walihitaji mtu wa kukaa nao.

Mtu huyo tunaye. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu, na Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye Maktaba Mtandao yake. Mwalimu mwenye kishikwambi na projekta moja anaweza kuwaonyesha watoto 90 jinsi moyo unavyosukuma damu, kitu ambacho mchoro wa chaki hauwezi hata ukichorwa na fundi.

Kwa hiyo ninaloomba ni hili: halmashauri ibebe hasara. Kila bajeti ya kununua vifaa iwe na fungu la fundi. Kishikwambi kilichovunjika mikononi mwa mwanafunzi wakati wa somo kiandikwe kuwa kimechakaa kazini, kama tunavyofanya kwa kitabu kilichochanika, na mwalimu mkuu asikatwe hata senti. Na mdhibiti ubora akifika shuleni, asiridhike na orodha ya mali. Amwite mtoto yeyote wa Darasa la Nne, amwangalie akiwasha kifaa, akitafuta somo lake na kulifungua, ndipo aandike ripoti.