Kiti cha Kocha Kisogezwe Mbali na Uwanja

Mwezi wa Mei 2018, wajumbe wa Shirikisho la Badminton Duniani (BWF) walikutana Bangkok wakapigia kura pendekezo la kuachana na seti 3 za pointi 21 na kuchukua seti 5 za pointi 11. Kura 129 ziliunga mkono, 123 zikapinga, na kwa kuwa badiliko la namna hiyo lilihitaji theluthi mbili ya kura, pendekezo likaanguka. Mwaka 2021 lilirudishwa likapata kura 187 kati ya 282, yaani asilimia 66.31, likakosa kupita kwa upungufu wa kura 1. Tangu hapo mjadala wa sheria za mchezo huu umekuwa ni mjadala wa hesabu ya pointi tu, na hata majaribio ya seti 3 za pointi 15 yaliyoanza mwaka 2025 yameuendeleza mkondo huo huo. Kilichosahaulika ni kwamba pendekezo la 2018 lilikuja likiambatana na mawazo mengine, na mojawapo lilikuwa kupunguza ushauri wa makocha wakati mechi inaendelea. Kwa maoni yangu, hilo ndilo lililostahili kujadiliwa kwa kina kuliko yote, tena peke yake, bila kufungwa pamoja na suala la pointi.

Tuanze na sheria ilivyo. Mchezaji wa badminton anaruhusiwa kupokea ushauri wakati wowote ambapo kinyoya, yaani kile kinachopigwa kwa raketi badala ya mpira, hakimo mchezoni. Kwa hiyo kila pointi inapomalizika, kabla ya inayofuata kuanzishwa, kocha aliyeketi nyuma ya mstari wa mwisho, upande ule ule anaochezea mchezaji wake, anaweza kusema neno, kuonyesha ishara ya mkono au kumwelekeza mchezaji wapi apeleke pigo lijalo. Zaidi ya hapo kuna mapumziko rasmi: sekunde 60 upande unaoongoza unapofikisha pointi 11, na sekunde 120 kati ya seti moja na nyingine, ambapo makocha huruhusiwa kusogea hadi uwanjani na kuzungumza na mchezaji wao uso kwa uso. Ningependa mapumziko hayo yabaki kama yalivyo, na ushauri wa kati ya pointi na pointi uondolewe kabisa.

Mtu aliyezoea kuutazama mchezo huu kwenye televisheni huenda asione tatizo liko wapi, kwa sababu kamera humfuata mchezaji na kumwacha kocha nje ya picha. Anayeketi ukumbini huona jambo tofauti. Mchezaji amepoteza pointi 3 mfululizo, mara zote kwa pigo fupi la karibu na wavu ambalo mpinzani wake analichelewesha hadi dakika ya mwisho. Hapo ndipo mchezo wa mmoja kwa mmoja unapofikia kiini chake: ni lazima mtu huyo, akiwa anahema na jasho likimtoka, atambue mwenyewe anachofanyiwa, achague dawa yake, kisha aijaribu huku akijua kwamba akikosea pointi nyingine inakwenda. Badala yake hugeuka nyuma. Kocha, ambaye ameketi mahali panapoonekana vizuri kuliko kiti kingine chochote ukumbini, amekwisha kulitambua tatizo, na kwa maneno mawili anamkabidhi jibu. Pointi inayofuata huchezwa kwa akili ya mtu aliyeketi.

Tena sheria yenyewe haijatulia katika jambo hili. Kifungu kinachodai mchezo uendelee bila kusita kinasema wazi kwamba mchezaji haruhusiwi kuchelewesha mchezo ili apate nguvu, apate pumzi au apokee ushauri. Hivyo ushauri umeruhusiwa lakini muda wa kuupokea umekatazwa, na matokeo yake ni yale tunayoyaona kila wiki: mchezaji anaomba kinyoya kipya ambacho hakihitajiki, anaomba sakafu ifutwe mahali ambapo hapana jasho, anakwenda polepole kuchukua taulo, yote hayo akiwa ametega sikio upande wa kiti. Mwamuzi anaweza kumhimiza, na akiendelea anaweza kumwonyesha kadi ya njano, lakini ni nani atakayethibitisha kwamba mtu alikuwa anasikiliza na si kufuta jasho? Sheria inayoruhusu kitu na kukataza muda wake humwachia mwamuzi kazi ya kusoma nia za watu.

Wanaotetea hali ya sasa wana hoja nzito, na nzito kuliko zote inatoka katika michezo jirani. Tenisi, ambayo kwa miaka mingi ilijivunia kumwacha mchezaji peke yake, imegeuka. Katika fainali ya wanawake ya US Open mwaka 2018, Serena Williams alipewa onyo kwa sababu ya ishara za kocha wake Patrick Mouratoglou kutoka jukwaani, na mzozo uliofuata ukaitia doa mechi nzima. Mwaka 2022 ziara ya wanaume ikaanza kujaribu kuruhusu ushauri kutoka pembeni, na kuanzia Januari 2025 shirikisho la kimataifa la tenisi likauingiza rasmi katika kanuni zake. Tenisi ya meza iliifuata njia hiyo mapema zaidi, tangu 2016, ilipowaruhusu makocha kusema na wachezaji kati ya pointi na pointi mradi mchezo hausimami. Basi kwa nini badminton irudi kule ambako wenzake wanatoka?

Jibu langu ni kwamba tenisi haikugeuka kwa kugundua kuwa ushauri unaupendezesha mchezo. Sababu kubwa niliyoiona mimi ni kwamba haikuweza kuuzuia. Kocha alikuwa jukwaani katikati ya umati, na kumpa mwamuzi mmoja kazi ya kukagua vidole vya mtu aliyekaa miongoni mwa maelfu ni kumtwika mzigo usiobebeka. Pia wachezaji wengi walikuwa wakishauriwa kwa siri, kwa hiyo katazo liliwaadhibu wale tu waliokamatwa. Huko ni kushindwa kusimamia kanuni, na kushindwa huko kumepewa jina la maendeleo. Badminton ina nafasi ambayo tenisi haikuwa nayo, maana makocha wake hawakai jukwaani. Wanakaa kwenye viti vilivyopangwa na waandaaji, ndani ya eneo la mchezo, kwa idadi inayojulikana. Ukitaka kuwanyamazisha huhitaji mwamuzi mwenye masikio makali, unahitaji tu kuhamisha kiti.

Hapa ndipo ninapotofautiana na watu wengi wanaotaka ushauri upunguzwe. Wao hupendekeza katazo la maneno: kocha akae pale pale, ila asiseme. Katazo hilo litavunjika siku ya kwanza. Kocha aliye mita chache nyuma ya mchezaji atakohoa, atapiga makofi kwa mpangilio maalumu, atashika goti la kulia badala ya la kushoto, na mwamuzi aliyeko juu ya kiti chake kando ya wavu hataona chochote. Afadhali viti vipelekwe nje kabisa ya eneo la mchezo, nyuma ya mabango, upande ambao mchezaji hana sababu ya kuutazama, na makocha waitwe mapumziko yanapotangazwa, kama wanavyotakiwa leo kurudi kwenye viti vyao sekunde 20 zinapobaki. Mchezaji atakayegeuka kutafuta ishara ng'ambo ya ukumbi ataonekana na kila mtu.

BWF wenyewe walishaonyesha kwamba wanaijua tofauti kati ya kanuni inayopimika na isiyopimika. Kwa miongo mingi, pigo la kuanzisha lilitakiwa kupigwa chini ya kiuno, na kiuno kikafafanuliwa kuwa usawa wa ubavu wa chini kabisa, mahali ambapo mwamuzi alilazimika kupakisia kupitia fulana. Kuanzia Machi 2018 ukaja urefu mmoja kwa wote, mita 1.15 kutoka sakafuni, na mwamuzi wa pigo hilo akapewa kifaa chenye vibao viwili vinavyopitisha mwangaza, kila kimoja na mstari wake. Wachezaji warefu kama Viktor Axelsen wa Denmark, mwenye sentimita 194, wanalazimika kujikunja kidogo, na malalamiko hayakukosekana, lakini mabishano juu ya ubavu wa nani uko wapi yamekwisha. Ushauri wa makocha unahitaji mstari wa aina hiyo hiyo, unaoonekana kwa macho.

Wapo wanaosema kwamba bila kocha mchezo utapungua ubora, kwamba mashabiki wanataka kuona mbinu bora, hata kama zimetoka kwa mtu mwingine. Hoja hii ina jaribio lake tayari, na limefanyika mara nyingi mbele ya macho yetu. Wachezaji wa nchi moja wanapokutana, desturi ni kwamba makocha wa timu hiyo hawaketi upande wowote, na viti hubaki vitupu. Mwaka 2012 huko London fainali ya Olimpiki ya wanawake mmoja mmoja iliwakutanisha Wachina wawili, Li Xuerui na Wang Yihan, na ikaenda hadi seti ya tatu: 21–15, 21–23, 21–17. Sijawahi kumsikia mtazamaji akilalamika kwamba mechi za namna hiyo ni duni. Mimi huzipenda zaidi, kwa sababu mabadiliko ya mbinu yanapotokea katikati ya seti najua yametoka kichwani mwa nani.

Hata hivyo sitaki kocha aondolewe katika mchezo. Carolina Marín wa Hispania alipopoteza seti ya kwanza ya fainali ya Olimpiki ya 2016 kwa 19–21 mbele ya P. V. Sindhu wa India, kisha akashinda 21–12 na 21–15, pembeni yake alikuwapo kocha wake Fernando Rivas, na upande wa pili kocha Pullela Gopichand alikuwa akimwongoza Sindhu. Mazungumzo ya mapumziko kati ya makocha kama hao na wachezaji wao ni sehemu ya burudani, na maikrofoni za televisheni huyanasa mara nyingi. Mtazamaji husikia mpango, kisha hutazama kama mchezaji ataweza kuutekeleza kwa pointi 10 zinazofuata bila msaada. Ushauri wa kati ya pointi hauna faida hiyo, kwani hakuna anayeusikia isipokuwa mlengwa.

Kuna pia suala la nani anapata ushauri huo. Mashirikisho tajiri hupeleka makocha wa kutosha kukalia viti katika kila uwanja hata siku ya kwanza ya mashindano, wakati mechi zinachezwa kwenye viwanja kadhaa kwa pamoja. Kwa mchezaji anayesafiri peke yake, kiti cha kocha hukaliwa na mwenzake aliyekwisha kutolewa, au hubaki kitupu. Kanuni ninayoitetea haitaifuta tofauti hiyo, kwa kuwa fedha hununua pia wachambuzi wa video na madaktari, lakini ingeipunguza katika dakika ambazo pointi zinachezwa.

Nirudi kidogo kwenye hesabu. Mechi ya seti 3 za pointi 21 inayokwenda hadi mwisho ina mapumziko 5: matatu ya katikati ya seti na mawili ya kati ya seti. Mechi ya seti 5 za pointi 11, kama mapumziko yangekuwa kati ya seti tu, ingekuwa nayo 4 inapofika mwisho, na 2 tu pale mmoja anaposhinda seti 3 za mwanzo. Kwa hiyo kila mfumo wa pointi unabeba ndani yake kiasi fulani cha ushauri, na wajumbe wanaopigia kura pointi wanapigia kura makocha pia, bila kuulizwa. Ndiyo maana nasema masuala haya yatenganishwe: kwanza iamuliwe kocha azungumze lini, ndipo seti zigawanywe.

Ningebakiza ruhusa ya sasa katika mashindano ya timu za taifa tu, yaani Kombe la Thomas la wanaume, la Uber la wanawake na la Sudirman la timu mchanganyiko, ambako mchezaji anacheza kwa niaba ya wenzake na benchi zima ni sehemu ya pambano. Tenisi ilifanya hivyo katika Davis Cup, mashindano yake ya timu za taifa za wanaume, nahodha akiketi uwanjani na kumshauri mchezaji hata katika zama ambazo ushauri ulikatazwa kwingineko. Mashindano ya mtu mmoja mmoja na ya wawili wawili yajaribiwe kwa msimu mmoja, katika ngazi ile ile ya chini walikojaribia pointi 15, viti vikiwa nyuma ya mabango, halafu wajumbe wapige kura juu ya hilo peke yake.