Wazee wa Kilifi hawakukosa makao, wamenyang'anywa

Ukitaja wazee wasio na makao, wengi humfikiria maskini aliyesahauliwa mjini. Kilifi, pwani ya Kenya, mambo ni kinyume. Huku mzee anayelala kwa watu mara nyingi ana mali yake: ekari alizoachiwa na babake, minazi, mikorosho. Kilichomtoa nyumbani ni kuitwa mchawi.

Huanza hivi. Mtoto wa jirani anaugua, au kijana wa bodaboda anapata ajali na kufa. Kwenye matanga mtu analitaja jina la mzee. Haupiti muda, karatasi inasukumwa chini ya mlango: ondoka kabla hatujaja. Mara nyingi nyuma ya karatasi hiyo yuko mwanawe, au mtoto wa nduguye, maana shamba liko kwa jina la mzee na akiwa hai haliuziki. Ndiyo sababu utawakuta wazee wanaopaka piko kichwani ili mvi zisionekane. Jambo hilo linaniuma mno. Kwetu mvi ndizo zilizokuwa zikimpa mtu nafasi ya kusema kwanza barazani.

Kaya Godoma, kule Ganze, kuna kituo kinachowapokea wazee waliokimbia kuuawa. Nawaheshimu sana wanaokiendesha. Lakini mzee anayekula ugali wa msaada huku madalali wakizungukia shamba lake, ameokolewa nusu tu.

Sheria si kwamba hazipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Sheria ya Urithi inasema aliyemuua mtu hamrithi. Ila muuaji mara nyingi ni wa kukodiwa, na aliyemkodi anakaa matangani akilia na wenzake. Shahidi naye ni mke, ni mkaza mwana, ni binamu, analala boma moja na mshukiwa. Nani atafungua mdomo?

Kwa hiyo mimi ningeanzia kwenye ardhi. Kesi ya urithi huhitaji barua ya chifu, na shamba la kilimo haliuzwi bila idhini ya bodi ya ardhi. Chifu anajua fika nani kafukuzwa kijijini kwake. Akatae kuiandika barua hiyo. Bodi nayo imuulize muuzaji: mzee mwenyewe yuko wapi? Aletwe, akalishwe kitini, aseme kwa kinywa chake kwamba ameridhia, na wanawe wasiwepo chumbani. Kama aliuawa na kesi haijaisha, shamba lisiguswe hata ikipita miaka kumi. Mnunuzi aliyelipa mapema atajua mwenyewe namna ya kudai pesa zake.

Na wale walioko Kaya Godoma leo, ofisi ya ardhi iweke zuio kwenye hati zao sasa hivi, kabla hawajapata hata ulinzi wa kurudi kulala kwao.