Msaada wa kisheria: kiwango kilichoganda na nauli ya msaidizi

Hapa Leicester, Uingereza, ninapoishi, nilimsindikiza jirani yangu kwa wakili. Ni mama wa watoto wawili anayetunza wazee kwa zamu za usiku. Alikuwa ameikimbia ndoa yenye kipigo, na barua ya daktari ya kuthibitisha hayo alikuwa nayo. Alihitaji mtu wa kumsemea katika shauri la malezi ya watoto. Wakili alizipanga hati za mshahara mezani, akajumlisha mapato ya mwezi uliotangulia, akajumlisha tena, kisha akanyamaza. Zamu za ziada za mwezi ule zilikuwa zimemvusha kiwango cha pauni 2,657 kabla ya makato, na aliyevuka hapo huhesabiwa kuwa ana uwezo wa kujilipia. Alisimama mbele ya jaji peke yake.

Nchi hii ilianzisha msaada wa kisheria unaolipiwa na serikali mwaka 1949. Sheria ya mwaka 2012, iliyoanza kutumika Aprili 2013, iliondoa humo sehemu kubwa ya mashauri ya madeni, ajira, posho za serikali na migogoro ya kifamilia isiyo na ushahidi wa ukatili. Mabadiliko hayo angalau yalijadiliwa bungeni. Kinachonisikitisha zaidi ni kile kiwango cha mapato, ambacho kimekaa pale pale kwa zaidi ya miaka 10 huku kodi ya nyumba na chakula vikipanda, kikiwatoa watu wapya kila mwaka bila mbunge yeyote kunyoosha mkono.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 haikufungwa kwa tarakimu: asiye na uwezo ni yule ambaye kipato chake hakimwezeshi kumlipa wakili. Naona tafsiri hiyo ni ya haki kuliko ya Uingereza. Sheria hiyo hiyo iliwatambua wasaidizi wa kisheria, watu waliofunzwa kutoa msaada wa sheria bila kuwa mawakili, na mmoja wao ndiye aliyemwokoa mama yangu mdogo kule Muheza, mashemeji walipotaka kumnyang'anya shamba la michungwa baada ya mumewe kufariki. Binti yule alimwandikia maelezo kwenye meza ya ofisi ya kata, akamfundisha namna ya kufungua mirathi Mahakama ya Mwanzo, akaenda naye mara nne kwa nauli yake mwenyewe. Mashemeji walipokata rufaa wakiwa na wakili, hakuweza kuendelea, kwa sababu sheria haimruhusu kumwakilisha mtu mahakamani. Ada ya wakili wa mama mdogo niliilipa mimi kutoka huku, na wajane wengi hawana mtoto wa dada aliye ng'ambo.

Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, imewafikia watu vijijini na ninaiunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo, kampeni huja na kuondoka, na rufaa ina siku zake za mwisho. Kanuni zikihuishwa, tafsiri ile isiyo na tarakimu ibaki, nayo sheria iunde mfuko unaotengewa fedha katika bajeti ya kila mwaka, kama Kenya ilivyouandika wake katika sheria ya mwaka 2016, ili wakili wa rufaa alipwe bila kusubiri wafadhili. Malipo ya kwanza kutoka katika mfuko huo yawe nauli ya msaidizi, kwenda mahakamani na kurudi.